Maji ya Kaveri na Safari ya Tenmozhi

Jumatatu, 31 Julai
Mpunga umeanza kugeuka rangi kwa kiu. Mume wangu, Baba Tenmozhi, anazunguka tu majarubani. Mfereji mkavu – vijana wanacheza kriketi humo. Wiki hii kamati ya maji inakaa Delhi. Sisi Tamil Nadu tunadai haki yetu ya mto Kaveri, Karnataka walio juu ya mto wanasema bwawa lao halina cha kutoa.

Na mwanangu Tenmozhi yuko kwao, kaolewa Karnataka! Mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwa mama yake. Mwezi wa nane wa mimba hasafiri, mwiko. Wake wa saba unaisha Jumapili.

Jumatano, 2 Agosti
Kapiga simu Chennamma, mama mkwe wa Tenmozhi. Kitamil chake cha kuungaunga, lakini mdomo anao. Eti wali wetu ndio unaomaliza mto, tule ugali wa wimbi kama wao. Nikamuuliza, na miwa yenu inakunywa chai? Tukacheka. Kisha akashusha sauti: uamuzi wa kamati ukiwaumiza wao, kijiji chao kitafunga barabara. Basavaraju, mkwe wangu, atamleta Tenmozhi kwa gari Jumamosi.

Nimewasha taa kwa Mariamman, mungu wetu wa kike wa mvua, nikashindwa cha kuomba. Maji yakija, njia inafungwa. Njia ikibaki wazi, ndiyo kusema maji hayaji. 

Alhamisi, 3 Agosti
Sikukuu ya mto. Wanawake tulishuka kumshukuru Mama Kaveri – mchanga mtupu. Maua tumeyatia kwenye ndoo ya maji ya bomba. Jirani yangu Kokila akasema Mama akirudi hatatutambua. Sikuupenda utani huo.

Jumamosi, 5 Agosti
Jana jioni kamati iliamua: Karnataka wafungue bwawa. Baba Tenmozhi alilia, mtu mzima yule! Mimi nilikimbilia simu. Basavaraju akasema wataondoka alfajiri.

Leo asubuhi watu wanagawa ladu, madonge matamu ya sherehe, nyumba kwa nyumba. Kokila akanitia moja mdomoni, nzima – simu ikalia. Chennamma. Ngoma na makelele nyuma yake. Amekaa katikati ya barabara na wanawake wa kijiji chake, matrekta yamepangwa. Asingekaa, nani angemsalimia tena pale? Na gari la Tenmozhi limekwama mbele yake, analiona.

"Mkwe, nikiinuka kuwapitisha wataniita msaliti. Nisipoinuka, mtoto wetu yuko juani. Niambie wewe."

Mdomo umejaa. Kumeza siwezi, kutema siwezi. Nje wameanza kulipua fataki.

"Mbona huongei?" akasema. "Mkwe, unakula nini?"