Mafuta ya Kompyuta na Macho ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Inafanya kazi! Kompyuta yangu nzima, kadi na waya zake, imezama ndani ya mafuta ya parafini ya famasi kwenye akwariamu, tangi la kioo la samaki, na bado iko hai. Hakuna feni. Hakuna vumbi la Mulekera, mtaa wetu hapa Beni. Taa zake za buluu zinang'aa humo ndani. Mke wangu Kavuo ndiye aliyezunguka famasi zote za Kimemi, kule Butembo, kuyatafuta mafuta. Mfamasia mmoja alimuuliza nyumbani kuna watu wangapi wasiopata choo.

Sasa inasafisha filamu ya marehemu baba mkwe, Pasta Kasonia, akihubiri. Kaseti iliharibika kwa ukungu. Hesabu itachukua karibu siku sita, na ikizimika katikati inaanza sifuri. Jumapili anatimiza mwaka mmoja kaburini. Mama mkwe, Mama Adèle, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kila wiki yanazidi kufifia. Anataka amwone mumewe kabla giza halijamfunga. Nimemwahidi.

Jumanne, 10 Septemba

Kavuo amerudi Butembo kuchukua shangazi zake. Mama Adèle amekuja kutazama. Nimempa kiti, nimesimama pembeni, macho chini. Akachovya kidole: mafuta meupe, ya uvuguvugu. Akasema mashine inazama bila kufa, basi haya si mafuta ya kawaida. Akaomba kidogo kwa ajili ya chambre de prière yake, chumba cha maombi. Mkwe anamnyimaje mama mkwe? Chupa moja. Si kitu.

Jumatano, 11 Septemba

Wamekuja mama wanne wa maombi, yeye mbele. Chupa nne. Nilitaka kueleza kwamba ni dawa ya tumbo tu. Mdomo ulikataa. Mafuta yameshuka vidole vinne, na ncha ya kadi ya picha iko nje. Joto lake gradi 81.

Alhamisi, 12 Septemba

Famasi za Beni nimezimaliza – vichupa vitatu tu! Nimezungushia kioo vitambaa vyenye maji. Mafuta yakishapata joto hayapoi, na hapa si Butembo kwenye baridi. Nimempigia Kavuo amwambie mama yake, maana binti ndiye anayeweza. Kwanza alicheka. Halafu akasema:

"Ile hapana ya kusema ku simu, Jephté. Nitafika kesho na mafuta ingine, nitamuambia mu macho."

Ijumaa, 13 Septemba

Ville morte Butembo, mji mzima umefungwa kwa mgomo. Hakuna gari, hakuna pikipiki. Kavuo amekwama huko na bidoni zake mbili za mafuta. Huku kwenye maombi mama mmoja ametoa ushuhuda kwamba tumbo lake limefunguka. Lazima lifunguke! Chupa mbili zaidi. Gradi 89. Filamu asilimia 80.

Jumamosi, 14 Septemba

Ville morte inaendelea. Gradi 98, asilimia 94. Kwenye 100 kadi inajizima yenyewe. Naandika huku naitazama.

Saa nane mchana Mama Adèle aliingia na chupa tupu ya soda. Akauliza kama ni kweli papa, yaani mumewe, ameanza kuonekana. Nikawasha ekrani. Alikuwepo! Safi, hata kifungo cha shati. Nikamvutia kiti mbele ya ekrani.

Akapita ekrani. Akainama kwenye akwariamu, kwenye zile taa, uso karibu kugusa kioo. Akakaa hivyo muda mrefu. Nilitamani kumshika bega nimgeuze, lakini mama mkwe hashikwi. Niliona aibu, na huruma.

"Ni ye?"

"Ndiyo, mama. Ni ye."

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika.

"Namuona kidogo tu. Leo nitapakala mafuta mingi ku macho, kesho nimuone muzuri."

Akachovya chupa. Hakuuona mdomo wa chupa, angemwaga. Nikamshikia mpaka ikajaa.