Weldon Kipkorir, Daktari Asiyetibu

Mwaka mzima umepita tangu ulipotutoka, Weldon Kipkorir, mwana wetu, baada ya kuugua siku chache tu. Tumeomba sana mwaka huu. Tumemwambia Mungu ukweli pia: bado hatujaelewa.

Ulikuwa mpole. Ukirudi kutoka kanisani hukuuliza nani alikuja. Uliuliza nani hakuja, kisha ukaenda kumjulia hali. Watu wa kijiji chetu cha Roret walidhani ni tabia tu. Wewe ulisema ni mazoea ya kazi, kwamba hesabu huharibiwa na wale wasioonekana.

Ulisomea bayostatistiki chuo kikuu, yaani takwimu za afya, na joho lako la kuhitimu likatuletea shida: kijiji kizima kilidhani umekuwa daktari wa kutibu. Wagonjwa walianza kuja langoni. Jirani yetu Mongina alikunyooshea goti.

"Daktari, shika hapa tu."

"Mama, nikishika hapo tutafungwa wote wawili."

"Sasa ulisomea nini miaka yote hiyo?"

Ulicheka, ukampa chai, ukampeleka mwenyewe hadi hospitali ya Kapkatet.

Baba yako mdogo, Kipchoge, ulimweleza kazi yako katikati ya majani chai. Mistari hii ipewe mbolea mpya, ile ikose, na ichaguliwe kwa kura, si kwa jicho la mwenye shamba. Hapo ndipo itajulikana kama ni mbolea au ni mvua. Dawa za watu nazo hujaribiwa hivyo, na kazi yako ilikuwa kupanga majaribio na kusoma majibu yake.

"Kumbe wewe ni afisa wa kilimo!" akasema. Tangu uondoke hatujacheka hivyo tena.

Mwezi uliopita dada yako Janeffer aliitwa chuo kikuu kusomea kozi hiyo hiyo. Baba mdogo akaitisha kikao cha jamaa: abadilishe, asomee uuguzi, kazi ambayo ukiitaja sokoni inaeleweka. Mimi mama yako nikasimama kumtetea. Nilianza na mistari ya chai, nikapotea katikati, wakanitazama kwa huruma. Niliketi na hasira. Kwenye darasa letu la jioni la watu wazima Mwalimu Nyagaka ametufikisha kwenye hesabu za wastani, na kila nikipata jibu sahihi nakasirika zaidi, kwa sababu ni sasa ndipo nina maswali ya kukuuliza.

Janeffer akajisemea mwenyewe.

"Baba mdogo, sibadilishi."

"Utaandikwa wapi?"

"Kwa utafiti wa dawa. Kwa hospitali kubwa. Kwa ofisi ya afya ya kaunti, kwa bima, hata kufundisha chuoni."

"Na hao wote wanatafuta msichana wa Roret?"

"Si walimtafuta Kipkorir?"

Baba mdogo alivua kofia, akasema tufunge kwa maombi.

Janeffer anaripoti chuoni Jumatatu. Ni wewe uliyepaswa kumpeleka, umwonyeshe bweni na maktaba, umwambie ni somo gani linaliza watu mwaka wa kwanza. Sisi hatujui. Tutamfikisha getini, tumwombee, turudi. Tumemsihi Mungu atuondolee uchungu huu na bado upo, na hatujaacha kumsihi.

Tunaokukumbuka ni wazazi wako Priscah na Kiprono, dada yako Janeffer, nyanya yako Chepchirchir, baba mdogo Kipchoge na jamaa wote.

Maisha yetu yote, Kipkorir, hatutakusahau.