Watu Wamesema

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Dar es Salaam
6 Februari 1983

Mwanangu Kitwana,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila goti la baba yako na huu ukame wa sabuni. Nawe hujambo? Tumbo limeacha kukusokota, au bado wanawapa yale maharage yenye wadudu? Kula tu, mwanangu, wadudu nao ni nyama.

Mdogo wako Sabaha kanishinda. Miaka kumi na minne, akitoka shule anajibanza kibarazani na wenzake, kazi yao kutazama foleni ya sukari na kucheka wapita njia. Juzi wamemcheka shehe mzima. Mpangaji wetu Leodegar, yule kijana wa Ndanda anayefanya kazi bandarini, anasema vijana wa mtaa wanahitaji mchezo, si viboko. Wewe uliye bwenini huko tutafutie, kabla sijamfunga kamba.

Dukani rafu ni tupu. Baba yako akipata katoni ya sabuni haiweki rafuni, maana atakuja mkubwa mmoja aibebe yote. Anaiweka chini ya kitanda changu, na jirani akija anamkatia kipande cha mche kwa uzi, bei ile ile ya serikali. Namwambia iko siku utatiwa ndani kwa kuficha mali. Ananiambia nyamaza, watu waoge.

Ataongeza neno lake hapa chini kama kawaida yake.

Mama yako,
Zamzam

Soma.
Baba

Shuleni, Tabora
21 Februari 1983

Mama mpenzi,

Shikamoo, na baba naye umpe shikamoo yake. Mimi mwanenu ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni goti la baba. Tumbo limetulia.

Mchezo nimeupata. Hapa bwenini tunauita Watu Wamesema. Vijana wanagawanyika timu mbili. Kabla ya siku ya mchezo watu mia wa mtaani wanaulizwa maswali, na majibu anayashika mtu mmoja tu. Leodegar anafaa. Siku yenyewe timu zinabahatisha. Hawatafuti jibu la kweli, wanatafuta lile lililosemwa na watu wengi. Ndiyo maana hata vichwa vya darasani hushindwa. Anayeshinda ni yule anayewajua watu wake.

Maswali ya kuanzia nimeyatunga mwenyewe. Bonde la Jangwani likifurika, unaokoa kitu gani kwanza? Mtu akichelewa kazini, anasingizia nini? Na la mwisho: sabuni ikiadimika, unakwenda kwa nani?

Hilo la mwisho nimelitunga makusudi. Mtaa mzima utamtaja mtu mmoja, nami nataka baba akae pale alisikie jina lake. Kila siku anawahudumia watu na hakuna anayemwambia ahsante mbele ya wenzake. Usimwambie mapema.

Mwanao akupendaye,
Kitwana

Kariakoo
29 Machi 1983

Mwanangu Kitwana,

Marahaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Wewe je, na masomo je? Usinifiche ukiumwa.

Mchezo wako umetutoa jasho. Watoto wasio kwenye timu walikwenda na Leodegar kuulizia kwenye foleni ya sukari, maana watu mia wasio na pa kwenda utawapata wapi tena? Jumapili tukakusanyika uani kwetu, watu hadi juu ya ukuta. Timu ya mtaa wetu nahodha wake Sabaha. Timu ya Mtaa wa Sikukuu nahodha Eliakimu, yule mtoto wa Mama Severa, wale Wachaga wa nyumba ya kona. Alikuja pia mgeni kutoka tawi la chama, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, kuona vijana wanafanya nini. Tulimpa kiti cha mbele.

Kwenye mafuriko, watu wengi wamesema wanaokoa redio. Watoto wamekuja wa tatu, baada ya godoro. Nimewajua majirani zangu.

Likabaki lile swali lako, timu zikiwa sawasawa. Eliakimu akabahatisha maduka ya ushirika, watu wakacheka hadi wakakohoa. Sabaha akainuka taratibu, akasema, "Kwa baba yangu." Leodegar akaigeuza karatasi yake mara mbili kututesa. Halafu akatangaza kwamba karibu nusu ya watu wamesema kwa Mzee Awadhi. Jibu la kwanza.

Kitwana, zile kelele ungezisikia huko Tabora. Sabaha alibebwa juu. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kigoda na mkono kwenye goti, akatabasamu kwa namna ambayo sijaiona tangu siku ya ndoa yetu. Hata yule mgeni wa tawi alipiga makofi. Na mimi nilipiga, ila moyo wangu ulikuwa mzito na sikumwambia mtu.

Mama yako,
Zamzam

Nimesikia, mwanangu. Soma.
Baba

Shuleni, Tabora
22 Mei 1983

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu tu. Hii ni barua ya tatu bila majibu. Redio ya bwenini siku hizi haina habari nyingine ila msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wanasema huko Dar watu wanatupa mali Jangwani ili wasikutwe nayo. Sabuni za baba mmeziondoa? Goti linaendeleaje? Mwambie aniandikie lile neno lake moja tu nilione.

Mwanao,
Kitwana

Kariakoo
2 Juni 1983

Mwanangu Kitwana,

Marahaba. Hatujambo. Baba yako amesafiri kwenda Kilwa kumwangalia dada yake anayeumwa, ndiyo maana hakuna neno lake hapa. Duka tumelifunga kidogo. Usisikilize sana redio, shika masomo.

Mama yako,
Zamzam

Shuleni, Tabora
19 Juni 1983

Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima.

Jana Eliakimu wa Mama Severa alipita hapa na treni, anakwenda Kigoma kwa mjomba wake wa reli. Nilikwenda stesheni kumsalimia. Nikamwuliza kama baba amerudi kutoka Kilwa. Akanieleza yote.

Mama, ni swali langu? Nijibu hilo tu. Kama ni hivyo, naacha shule nije niwaambie hao wakubwa kwamba swali nilitunga mimi, wanifunge mimi.

Mwanao,
Kitwana

Kariakoo
14 Agosti 1983

Mwanangu Kitwana,

Marahaba. Tupo. Barua yako aliisoma Sabaha uani kwa sauti, kama anavyozisoma siku hizi. Alipofika pale ulipouliza kama ni swali lako, akaniwekea karatasi mapajani akaingia ndani. Tangu hapo hajibu swali la mtu. Nikimwuliza kama amekula, anatazama sahani. Mwalimu wake kaniita kuniambia anajua majibu lakini hanyooshi tena mkono.

Nilikudanganya, nisamehe. Walikuja mwezi wa nne, baba yako anatawadha kwa ajili ya alasiri. Walikuwa mgambo na askari, na yule mgeni aliyepiga makofi akawaonyesha chumba. Mgambo mmoja alicheka akamwuliza, "Wewe ndiye jibu la kwanza?" Katoni zikatolewa chini ya kitanda changu mbele ya watu.

Akaambiwa akipata mashahidi wa kusema aliwauzia kwa bei ya serikali, mambo yatakuwa mepesi. Basi nikajitanda khanga nikazunguka mtaa, mlango kwa mlango, kwa watu wale wale walioulizwa na watoto. Nami nilikuwa na swali moja: utakuja kusema? Mchezo wako naujua vizuri sasa. Wengi walisema wanamjua msikitini tu. Waliofuatia walisema hawajawahi kununua sabuni kwake, na mmoja aliniambia hivyo mikono yake ina povu. Leodegar alihama bila kuaga. Mama Severa peke yake alivaa viatu anifuate, mumewe akasimama mlangoni akamzuia. Siwalaumu, kila aliyenunua naye angeulizwa alinunuaje. Nawachukia tu, na kila asubuhi nasalimiana nao.

Kwa hiyo kortini hakusimama mtu. Wiki hii wamemhukumu. Miaka ni mingi, na goti lake unalijua. Wanampeleka bara, hatukuambiwa wapi.

Umeuliza, nakujibu mara moja tusirudie. Ndiyo, swali lilikuwa lako. Na mimi niliyekuwa na moyo mzito niliziacha katoni pale pale. Na baba yako aliyejua kilichoko chini ya kitanda alikaa kwenye kigoda akatabasamu. Shule huachi. Ukija hapa utapata mlango umefungwa.

Siku ile walipomchukua, alipokuwa anapandishwa garini nilimfikia. Hakuniuliza duka wala nyumba. Alisema, "Kitwana asiambiwe. Ila akija kujua, mwambie miaka yote niliyouza Kariakoo sijawahi kupigiwa makofi ila siku ile. Mwambie siijutii."

Nina ombi moja. Barua zako atazisoma Sabaha, sitaki aache hata hilo. Ukituandikia usiulize chochote, hata hali zetu.

Mama yako,
Zamzam

Shuleni, Tabora
28 Agosti 1983

Mama,

Shikamoo. Sabaha, nakusalimu.

Mimi ni mzima. Huku mvua bado, vumbi limejaa hadi kwenye mashuka. Leo tumepewa wali. Eliakimu amepita tena na treni akirudi kwenu. Tulikaa stesheni, akanipa nusu ya chungwa lake. Wenzangu bwenini walitaka tucheze, nikawaambia mimi simo.

Shule sijaacha. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja.

Mama, siku ukipata njia ya kumfikishia baba neno, mfikishie hili moja: ninasoma.

Mwanao, na kaka wa Sabaha,
Kitwana