Kitanda cha Punguzo

Dilala, Kolwezi
Tarehe 9 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Godefroid,

Pokea salamu zangu, ingawa zimechoka kidogo kama mwenye kuzituma. Mu wazima huko Kamina? Mgongo wako je? Na mama watoto, na ile homa ya mtoto Marlène? Sisi tupo. Vumbi la malori linatupaka bila malipo, umeme unakuja kama mgeni aliyekosa nauli, lakini Mungu hajatusahau kabisa.

Ujumbe wako wa simu niliusoma. Nimeona nikujibu kwa karatasi, maana simu inakatika na jambo lenyewe ni refu. Mama Mignonne anapanda treni kesho, atakuletea.

Unasema Kazadi, mwenzangu wa kazini, alipita kwako akakuonyesha kadi yake ya punguzo, na sasa unataka kuuza randa, misumeno na meza ya kazi ya baba, uje uandikwe kwenye kampuni yetu. Unakiri kwamba mshahara ni mdogo kuliko unachopata kwa mbao, lakini eti kadi itajazia. Na mnunuzi wako Lukusa anakuja kuvichukua vyombo Jumamosi. Kaa chini kwanza.

Kadi ni nzuri kutazama. Ina picha yangu nikiwa nimenyoa. Ukiionyesha kwenye duka la kampuni, kule nyuma ya mtaa wa Musonoi, unapunguziwa bei. Bei ipi? Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza. Chuo sikukiona, lakini nina macho, na nina subira ya kusimama sokoni. Bei ya gunia la unga katika duka lile niliijua kabla ya kadi. Wiki ile kadi zilipogawiwa, bei ilipanda ngazi. Kadi ikaishika mkono, ikaishusha mpaka palepale ilipokuwa. Tukapiga makofi. Na gunia lenyewe limekonda. Mama wa sokoni wanaopima kwa meka, lile bakuli la plastiki, ukiwasalimia vizuri wanakuongezea kiganja. Duka la kampuni halina kiganja.

Nisiseme uongo: sabuni na mafuta ya kupikia kule ni rahisi kweli. Lakini nani apande pikipiki ya taxi-moto kwenda na kurudi kwa kipande cha sabuni? Mtu akishafika anachukua na asichohitaji, kwa sababu halipi siku ile, wanamkata kwenye mshahara. Kazadi ana friji. Umeme hana. Ndani anaweka viatu.

Usimcheke bado. Mimi nilinunua kitanda.

Mama buko, yaani Mama Ngoyi mzazi wa Ndaya wangu, alikuwa anakuja kututembelea. Nikasema mama mkwe halali chini katika nyumba ya mtu mwenye kadi. Kitanda kiling'aa, kilitoka nchi za mbali, na mbao zake zilikuwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi ya mti. Wewe ungekigonga kwa kidole ukaondoka zako. Mimi niliangalia bei ya zamani iliyochorwa mstari mwekundu, nikajiona mwerevu.

Jumapili, baada ya misa na bukari, ugali wetu, mama akaenda kujinyoosha. Ndaya alikuwa bombani. Nikasikia praa! Unajua desturi yetu: mkwe haingii chumba alicholala mama buko, hata nyumba ikiungua anafikiri kwanza. Nikasimama kwenye korido, uso ukutani.

— Mama, mumeumia?

— Weye, usiingie!

— Siingii, mama.

— Basi unafanya nini hapo?

— Ninasimama, mama.

— Simama mbali! Hii haiko kitanda, ni mutego ya panya. Ulinunua bei gani?

— Na réduction, mama.

— Kumbe! Na mugongo yangu bamepunguza.

Nilikimbia kumwita jirani, Mama Chancelle, naye akamtoa katikati ya mbao, akicheka mpaka akakaa chini. Hakuna mfupa uliovunjika, Mungu asifiwe. Lakini mkwe aliyemletea mama buko aibu hutoa mbuzi. Asipotoa, mama hagusi chakula cha nyumba yake. Nikaenda sokoni. Kwa mazoea mkono ukatoa kadi. Kalonji muuza mbuzi akaitazama, akaigeuza, akanirudishia.

— Tata, mbuzi yangu haijui hii picha.

Nikamlipa taslimu, na mama akala. Mshahara wangu bado wanaukata kwa kitanda ambacho sasa ni kuni. Na hata moto haukipendi. Kinatoa moshi wa gundi.

Basi jibu langu ni hili. Ungekuwa huna kazi, ningekuambia njoo. Kadi si wizi, ni sukari kidogo kwenye chai nyepesi. Lakini mtu hauzi chai ili apate sukari. Ukimpa Lukusa randa ya baba, hakuna duka litakalokuuzia nyingine iliyozoea mkono wa baba. Jumamosi akija, mkaribishe maji, umwache aende mikono mitupu.

Tena nina kazi kwako. Mama Ngoyi ameapa hatalala tena kwetu mpaka kitanda kitoke kwa mtu anayemjua kwa jina. Nitengenezee cha mbao ngumu za mulombwa, kipana, miguu minene. Kitume kwa vipande kwenye treni. Nitakipokea stesheni ya Tenke, treni ikikubali kufika. Mama Mignonne amebeba nusu ya malipo, amefunga kwenye kitambaa. Nitoze kama mtu wa njiani. Usinipunguzie kitu, nimeshapunguziwa vya kutosha.

Nisalimie mama watoto, Marlène, Tata Ntambwe na wote wanaoniulizia. Ndaya anawakumbatia. Mama Ngoyi pia anakusalimu, lakini anasema kitanda kwanza. Mungu ailinde mikono yako, na vyombo vilivyomo ndani yake.

Wako akupendaye kwa bei kamili,

Mkubwa wako Kisimba