Meza ya pasi yenye shimo la kitasa

Alhamisi. Mvua ilianza kabla sijaamka na mpaka sasa haijachoka. Butembo yote ni ukungu na matope, na mimi nina furaha mbaya, ile ambayo mtu haipeleki kwa padri kwa sababu hataki kuambiwa aiache. Naiandika hapa bila hofu. Kasereka hasomi kitu chochote kirefu kuliko ujumbe wa simu.

Kasereka alikuwa mume wangu hadi kabla ya Pasaka. Nyumba inahitaji watoto, alisema, na mimi sikuwa nimeleta hata mmoja. Akaniambia niende kwetu Lubero nikapumzike kidogo. Sijafika hata kwenye magari, Kahindo, mke wake mpya, alikuwa tayari anaanika nguo zake kwenye kamba yangu.

Sikwenda Lubero. Nilikodi chumba upande wa pili wa mji, nikaweka cherehani karibu na dirisha, nikaendelea na kazi yangu ya mablanketi ya vipande. Naunganisha mabaki ya vitenge, katikati naweka blanketi kuukuu, chini naweka shuka, halafu nashona yote pamoja. Kwa baridi ya huku juu, watu wanayapenda.

Mwezi huu mama mmoja wa Beni aliniagiza blanketi la kitanda kikubwa, la harusi ya binti yake. Sijawahi kupata kazi kubwa hivyo. Nikilifanya vizuri, Beni yote itanijua. Nikiliharibu, itanijua vilevile.

Shida ilikuwa pasi. Vipande havipigwi pasi kwa kuburuta kama suruali. Unaweka pasi, unabonyeza, unanyanyua, unasogeza. Ukiburuta, kitenge kinavutika na mraba unapinda. Na meza yangu ya zamani ilikuwa ndogo, basi blanketi lilining'inia pembeni na uzito wake ukavuta kila mshono niliomaliza kunyoosha. Nilifumua safu nzima mara mbili, nikalia mara moja.

Nilihitaji ubao mpana, mrefu, mzito, usiopinda kwa joto. Usiku na mchana nilifikiria ubao. Siku moja, katikati ya kula, nikaukumbuka mmoja ninaoufahamu sana.

Mlango wa nyumba ya Kasereka.

Mlango ule ni wa libuyu, mbao ngumu ya msituni, na ni wangu. Seremala aliutengeneza kwa sababu nilimshonea mke wake na wasichana wake nguo za komunyo ya kwanza, kuanzia magauni hadi vitambaa vya kichwa. Kasereka alichofanya ni kusimama mbele yake siku ulipofungwa na kuwaambia wageni, "Munaona mulango yangu?" Maneno hayo nimeyaweka moyoni muda mrefu.

Nilienda Jumapili, wakati wa misa kubwa. Kasereka anaimba kwaya na Kahindo anakaa benchi la mbele ili aonekane, kwa hiyo nilijua nina nafasi. Mama mkwe wangu, anayekaa nao, alikuwa Musienene kuvuna maharagwe. Ufunguo nilikuwa bado nao. Nilifungua kwa adabu, nikagonga pini za bawaba kwa nyundo na msumari, na mlango ukanijia mikononi. Sikugusa hata kijiko. Mwenye pikipiki aliufunga nyuma kwa kamba bila kuuliza neno, maana hapa kwetu pikipiki, moto kama tunavyoiita, imeshabeba vitanda, majeneza na mbuzi. Tulipita mbele ya kanisa wakati wanaimba utukufu.

Nilicheka njia nzima.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za kazi. Nilikwangua vernisi yote, ile rangi ya kung'arisha mbao, kwa kipande cha chupa, kwa sababu vernisi ikipata moto wa pasi inalainika na kunata. Niling'oa kitasa na mkono wake. Nikapanga matofali mpaka yakanifika kiunoni, ili mgongo usiniume, nikaulaza mlango juu. Nikatandika mablanketi mawili ya sufu, si yale ya nailoni ambayo yanaungua. Mwisho nikalowesha kitambaa cha amerikani, nikakivuta na kukigonga misumari midogo kwa chini. Kilipokauka kilikaza kabisa, cheupe, hakina hata kunyanzi moja.

Sasa nusu ya chumba changu ni meza. Kitanda nimekisukuma ukutani na naingia kitandani kwa ubavu. Lakini jana niliweka pasi ya makaa juu yake, nikatandaza blanketi la Beni, na kwa mara ya kwanza mishono ililala pale nilipoiambia ilale. Nilisimama nikaiangalia muda mrefu. Kila nilipobonyeza pasi nilifikiri: Kasereka, hii ni yako. Na hii. Na hii tena.

Leo asubuhi akaja.

Alikuja na mzee wa nyumba kumi wa mtaa wetu wa zamani, yule anayesuluhisha magomvi. Wote wawili walikuwa wamelowa. Nilikuwa nimefunika blanketi la Beni na kuliweka kitandani, meza ilikuwa tupu.

"Hapana fujo, Masika," Kasereka alisema. "Niko natafuta mulango yangu. Bantu babili baliona wewe ku moto na mulango."

"Baliona libao," nilisema. "Butembo yote inabebaka mbao ku moto. Mzee, chumba ni hiki. Kama mulango iko, abebe."

Kasereka akaangalia nyuma ya pazia. Akapiga magoti kuangalia chini ya kitanda. Chini ya meza nilikuwa nimejaza magunia ya mabaki. Alivuta gunia moja, akaona vitenge, akalirudisha. Kisha akasimama katikati ya chumba hajui afanye nini na mikono yake.

Niliwaambia wakae, mvua ni nyingi, wanywe chai. Meza nyingine sina tena. Niliweka vikombe palepale, na Kasereka akaegemeza viwiko vyake viwili juu ya mlango aliokuja kuutafuta, akapuliza chai yake. Sijui kama mbinguni kuna furaha kubwa kuliko ile. Nilimwongezea sukari.

"Usiku tunafunga na bashi ya turubai," alimwambia mzee, kama vile mimi sipo. "Upepo inaipiga mpaka asubuhi. Lakini mimi, hapana shida. Ni mama. Amerudi toka Musienene juzi. Iko nakohoa, baridi yote inaingia kwake."

Hapo niliweka kijiko cha sukari chini.

Mama mkwe wangu hajawahi kunitukana. Miaka yote ile watu walipohesabu tumbo langu kwa macho, yeye alinikalisha karibu naye jikoni. Siku niliyofukuzwa alinipa pasi yake ya makaa, hii ninayoitumia, na akakataa kumsalimia Kahindo mbele ya watu. Nilipong'oa mlango nilimwona Kasereka tu. Nilimwona kichwani mwangu akitetemeka usiku, nikafurahi. Kumbe anayetetemeka ni mama.

Niliona aibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ukweli.

Wakati huohuo nilimwona mzee. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya meza, kikisubiri chai ipoe, na kikaanguka. Pale kitasa kilipokuwa sikujaza vitambaa vya kutosha. Mzee akabonyeza mara ya pili, polepole. Akafuata ukingo wa shimo chini ya kitambaa, mzunguko mzima. Akaniangalia. Mimi nikaangalia chai yangu.

Kasereka hakuona kitu. Alikuwa amepata hasira yake.

"Uko na roho mubaya, Masika," alisema. "Njo maana Mungu alikufunga tumbo."

Neno hilo alikuwa hajawahi kunipiga nalo mbele ya mtu mwingine. Aibu yangu ilikauka mara moja, nikafunga mdomo.

Mzee akachukua kikombe chake, akakiweka juu ya lile shimo.

"Kasereka," alisema, "hapa haiko mulango. Twende."

"Lakini mzee, bantu babili..."

"Niliangalia. Haiko. Beba kofia yako."

Wakatoka. Mzee akamwacha Kasereka atangulie kwenye barabara, halafu akarudi hatua chache kana kwamba amesahau kitu.

"Ile shimo, ujaze muzuri," aliniambia. "Pasi itaanguka pale, utaunguza kazi ya bantu."

"Nitajaza, papa."

"Na ule mama. Iko naniuliza kila siku wapi ulihamia. Nimuambie?"

Nilimwambia asimwambie. Nitaenda mwenyewe.

Sasa ni alasiri. Shimo nimelijaza mpaka limekuwa gumu kama ubao wenyewe. Nimenyoosha safu mbili za blanketi la Beni na zimetoka vizuri. Lakini akili yangu haiko kwenye pasi.

Nimefikiria kumrudishia mlango kwa ajili ya mama. Nimefikiria kwa haki kabisa, nikiwa nimekaa. Jibu ni hapana. Kila mara nikifika mahali pa kusema ndiyo, nasikia lile neno lake la tumbo, nasikia na jinsi alivyolisema, kwa utulivu, kama mtu anayetaja jina la mtaa.

Basi nitafanya kitu kingine. Chumba changu kina kufuli nzuri, na kitanda changu kinatosha wanawake wawili wembamba. Mama akubali tu, nitamleta hapa. Nitamlaza upande wa ukutani, mbali na dirisha, na jioni atakaa karibu na makaa ya pasi akinichagulia vipande. Na mtaa mzima utajua kwamba mama amemwacha mwanawe wa kumzaa akaenda kuishi na mke aliyefukuzwa. Kwetu hapa mwanamume anaweza kuishi bila mlango. Sijui kama anaweza kuishi na hilo.

Je, nampenda mama au namchukia Kasereka? Vyote viwili, na leo sina nguvu ya kuvitenganisha.

Sitaenda wakati wa misa. Nitaenda kesho mchana, majirani wote wakiwa nje, nimevaa kitenge changu kizuri. Kasereka atakuwa nyumbani. Nitanyanyua lile turubai lake, nitapiga hodi kwa mdomo, niingie kumshika mama mkono.

Na akitaka kunizuia nje, sijui atafunga nini.