Ushuhuda Wangu Kanisani

Goma, Jumapili

Kwaya ilianza kushangilia kabla sijasema neno. Mchungaji alikuwa ameniita nishuhudie kwamba maombi yameniponya virusi vya UKIMWI, kwa kuwa nimeishi navyo miaka mingi bila dawa.

Si kweli. Virusi vimo. Juzi daktari alirudia kwamba damu yangu inavidhibiti yenyewe, jambo la watu wachache sana, na kwamba ni lazima niendelee kupimwa.

Furaha, mjane wa mdogo wangu, alikuwa ameketi mbele. Ameacha dawa zake za virusi akiniiga mimi, hasikii nikimsihi, na amekonda. Niliogopa kwamba tutamzika.

Nikasema: "Sikuponywa. Mungu alinipa damu ya namna hii. Wengine aliwapa vidonge. Wavimeze!"

Nikashuka, nikatoka.

Nje, Furaha alinishika mkono. "Muzee, weye! Ulikuwa unaniangalia mimi tu."

"Nilimwangalia Mungu."

"Mungu alivaa hii kitenge yangu?" Akacheka, kisha akalia. "Basi, kesho twende kwa munganga wako wa hospitali. Nitarudilia dawa."

Virusi vyangu nimevishinda bila jasho. Mwanamke huyu mkaidi amenitoa jasho miezi mingi, na leo nimemshinda!