Patipati Zinazotazama Mlango

Baba Gloria,

Sijui hata nianzie wapi. Nimechanganyikiwa, na wewe ndiye niliyezoea kumwendea nikichanganyikiwa, sasa tazama mambo yalivyo. Jumapili wazee wa kwenu wanakuja kuchukua jibu langu. Wanataka Wani, mdogo wako, aingie nyumbani, anioe mahali pako. Wanasema ndiyo mila, watoto wasilelewe na ukuta. Amu yako alilitamka siku tulipomaliza matanga, kikombe cha chai bado mkononi, kama mtu anayezungumzia bati la kubadilisha. Nikaambiwa nifikirie.

Basi nafikiria, na nashindwa. Kisa ni patipati, zile ndara zangu za mpira.

Najua ungecheka. Unakumbuka nilivyokuja kwako kutoka Kitale, najiona mtu wa mjini? Nilikuta nyumba hapa Hai Malakal imejaa ujanja wako wa kambi ya wakimbizi Uganda. Mlango wa bati umeufunga kipande cha tyubu ya pikipiki, kutoka kitasa cha ndani mpaka cha nje, ili upepo ukija usigonge. Jerikani la maji ya kunywa umelivisha gunia lililoloweshwa, na joto lote hili la Juba maji yanatoka baridi mpaka meno yanauma. Giza likiingia unawasha tochi ya simu, unaweka chupa ya maji juu yake, chumba kizima kinang'aa. Nilikuuliza kama umeoa mke au umefungua karakana. Ukasema, "Vitu hii iko bure, kwa nini tuteseke?" Nikakuita mzee wa vitu bure, na jina likakushika mpaka kwa mafundi wenzako sokoni.

Hayo yote niliyazoea. Lakini patipati ziliniteka. Kila jioni ulikuwa unainama, unageuza patipati zangu zitazame mlango. Asubuhi nikishuka kitandani mguu unaingia wenyewe, sipapasi sakafu, sitafuti. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Baba yangu sidhani hata alijua mama anavaa saizi gani. Nikajiambia, mwanaume huyu ananipenda mpaka kwenye nyayo. Sikuwahi kukuuliza ulikotoa tabia hiyo. Mtu akipewa kitu kitamu anakula tu.

Ile homa ilipokuchukua, patipati zangu zilianza kulala hovyo, moja huku, nyingine chini ya kitanda. Haki ya Mungu nilizililia kuliko nilivyolia kaburini. Dada zako walinitazama wakadhani akili imeniruka.

Halafu Wani akahamia kwenye tukul ya wageni, kile kibanda cha nyasi hapo uani. Sina neno baya juu yake. Anatoka asubuhi na bodaboda yake, anarudi na mkate wa watoto, ananiita shemeji huku anatazama chini. Siku hizi viatu naviacha barazani. Asubuhi moja nikafungua mlango, nikakuta patipati zangu zimegeuzwa, zinatazama lango. Nikaweka miguu. Ikaingia yenyewe. Nikakaa pale pale kwenye ngazi, sijui nafurahi au naogopa, nikalitaja jina lako kwa sauti mpaka Gloria akaja kuuliza naongea na nani.

Kesho yake tena vile vile. Na mimi, Baba Gloria, nikaanza kubadilika. Nakuambia bila kuficha kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nikaanza kumwekea Wani chai kwenye kikombe kizuri. Nikaanza kutega sikio nisikie bodaboda yake ikiingia. Mama Susan wa jirani, unamjua na mdomo wake, akanichungulia juu ya ua wa makuti akasema, "Ukipenda boga, penda na ua lake." Nikamwambia ashughulike na boga lake. Lakini maneno yale yalinikaa.

Kisha nikakasirika. Nikasema hapana, kuna mtu amemfundisha. Labda amu yako, labda Gloria amesema tu kitoto kwamba baba alikuwa anafanya hivi na vile, na huyu ameona njia rahisi ya kuingia. Nilimkuta anaosha pikipiki nikamuuliza moja kwa moja: nani alikuambia ugeuze patipati zangu?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Ya wewe peke yake? Mimi nageuza ya watu yote."

Nikageuka nikaangalia baraza. Kweli. Viatu vya Gloria, vya mdogo wake, na hata gamboti zako za mvua ambazo sijampa mtu, vyote vilitazama lango. Nikakumbuka kwamba wewe pia ulikuwa unageuza vya watoto. Nilidhani unapanga tu.

"Hiyo iko ya mama yetu," Wani akasema. Akanieleza kwamba mkiwa wadogo, kabla hamjavuka kwenda Uganda, mama yenu alikuwa anageuza viatu vya nyumba nzima kila jioni, ili risasi zikilia gizani mtu asianze kutafuta. "Mguu inaingia, unakimbia." Na siku ilipofika mlikimbia, na watoto wake wote walifika mpakani na viatu miguuni. Kule kambini hakukuwa tena na wa kumkimbia, lakini aliendelea kugeuza mpaka alipokufa. Wani akaniuliza, "Lado hakukuambia?"

Hukuniambia.

Sasa nishike lipi? Miaka yote ile nilidhani unanidekeza, kumbe ulikuwa unanitayarisha kukimbia. Mimi nalala fofofo kando yako na wewe, kabla ya kufumba macho, umeshawaza risasi. Au hukuwaza chochote? Wani anasema yeye hafikirii, mkono unafanya wenyewe. Ulinyamaza ili nilale vizuri, au uliona tu haya kuliharibu jambo lililonifurahisha? Jana niliamua kwamba ilikuwa woga. Leo asubuhi, nikisonga ugali, nikaamua ni mapenzi, kwa sababu anayekutayarishia mbio anataka ufike. Sasa hivi sijui tena. Nina hasira na wewe, na nakutamani, vyote kwa pamoja, na dawa yake siioni.

Ila kuhusu Wani nimeanza kuona kidogo. Moyo wangu haukumwendea yeye, uliufuata mkono wako. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anataka jambo hili la wazee. Alisugua kioo kimoja cha pikipiki muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi naogopa kukataa wazee. Na naogopa vile wewe unaniangalia. Kila saa unatafuta Lado kwa uso yangu." Nilimheshimu kwa hilo. Hayo hayakutoka kwako wala kwa mama yenu.

Kwa hiyo Jumapili, tukitoka misa kanisani Kator, nitapika, nitawakaribisha, wale washibe, halafu nitawaambia hapana. Wani ni baba mdogo wa watoto wangu na tukul ni yake akiitaka. Amu yako atasema mwanamke aliyekulia Kenya ana kichwa kigumu. Hilo silijali. Ninachoogopa ni akitaja watoto, kwamba ni wa ukoo na mimi ni mpita njia. Akilitaja, nitakaa pale pale na watoto wangu mapajani, siinuki.

Lala, Lado. Nimekusumbua na maswali ambayo ungeyajibu kwa kucheka tu. Ninakuahidi sitamvalisha mtu mwingine sura yako, asije akateseka ndani yake na mimi nikateseka nje. Na ikitokea siku nikamkubali Wani, au yeyote yule, itakuwa kwa jambo ambalo wewe hukuwahi kunifanyia.

Mimi,
Mama Gloria